Fulana Iliyofaulu na Kifua Kilichofeli

Ipo nchi moja ambayo jina lake halitatajwa hapa, maana ina masikio marefu. Ni nchi nzuri tu. Ina bendera, ina wimbo, ina wizara thelathini na moja, na kila wizara ina mlango wa kuingilia na dirisha la kuambiwa urudi kesho.

Basi katika nchi hiyo wezi wa ng'ombe wa Milima ya Ngwara wakaacha marungu, wakahamia kwenye bastola. Serikali ikaona si vizuri askari waendelee kuzuia risasi kwa vifungo vya shati. Ikaamriwa zishonwe fulana za kuzuia risasi, na kazi ikapewa Wizara ya Usalama wa Mbele. Usalama wa nyuma ulikuwa na wizara yake, na wizara hizo mbili zilikuwa hazisalimiani. Ndiyo maana fulana zikashonwa kifua peke yake, na mgongoni kamba mbili kama aproni ya mpishi. Aliyeuliza alijibiwa kwamba askari wa nchi hii hageuki nyuma, kwa hiyo risasi haina sababu ya kumfuata huko.

Kiwanda kilichoshona kilikuwa cha shemeji yake Mheshimiwa Ludoviko Senzota. Mheshimiwa Senzota ndiye aliyekuwa Mwenyekiti wa Kamati ya Kupima Fulana, na watu wote walifurahi kuona ndugu wanavyosaidiana. Zamani kiwanda kilikuwa kinashona foronya. Mheshimiwa alisema hiyo ni bahati, maana anayejua kulaza vichwa vya watu hawezi kushindwa na vifua.

Kwenye kamati hiyo mtu mmoja tu alikuwa amesoma kitabu cha viwango mpaka mwisho, naye ni Injinia Ambakisye. Kitabu kilitaka udongo maalumu. Injinia akauagiza nje ya nchi, ukafika bandarini, ukakamatwa. Sheria inasema ardhi ya kigeni haiingii nchini bila idhini ya bunge, na bunge lilikuwa mapumzikoni. Injinia akapanda pikipiki mpaka kijiji cha Mtimbwani, kwa Bi Nyamvula mfinyanzi, akamkuta kakaa kwenye kigoda anazungusha shingo ya mtungi.

"Shikamoo, Bibi."

"Marahaba. Vyungu vimekwisha, labda huu mtungi."

"Sitaki chungu. Nataka udongo mbichi. Bonge kubwa, upana wa kifua cha mtu."

"Wa kufanyia nini?"

"Wa kupiga risasi."

Bi Nyamvula akafuta mikono kwenye kanga. "Udongo umewakosea nini?"

Injinia akacheka, akachuchumaa, akaanza kumweleza. "Bibi, umewahi kuona mpira ukiingia golini? Wavu hautoboki. Uzi mmoja unamvuta jirani yake, jirani anamvuta wa pili, mpira unachoka, unaanguka. Fulana hii ni nyavu nyingi za namna hiyo, zimepangwa moja juu ya nyingine, za nyuzi ngumu ajabu. Risasi ikigonga, nyuzi zinagawana mzigo. Risasi yenyewe inabonyea pua, inapanuka kama uyoga, inasimama."

"Basi yamekwisha."

"Hayajaisha. Risasi imesimama, kishindo hakijasimama. Kinaendelea na safari mpaka kwenye mbavu. Mtu anaweza kufa na fulana yake haina hata tundu. Sasa hatuwezi kumsimamisha mtu tukampiga ili tuone."

"Mnaweza, ila mnaona haya."

"Ndiyo hiyo haya inayotuletea udongo. Tunauweka nyuma ya fulana. Ukibonyea haurudi, tunapima shimo. Likizidi kina cha pingili mbili za kidole, fulana haifai. Na lazima udongo uwe laini kama nyama ya mtu. Mgumu ukitudanganya, tutamvika mtu kifo."

Bi Nyamvula alielewa upesi, maana maisha yake yote alikuwa akibonyeza udongo na kusoma udongo unasema nini. "Na watakaozivaa ni akina nani?"

"Kikosi cha milimani. Wanaondoka Jumamosi."

Mkono wa Bi Nyamvula ukasimama juu ya mtungi. Alikuwa na mtoto mmoja tu, Zamda, koplo katika kikosi hicho.

"Udongo utapata," akasema. "Lakini nitauleta mwenyewe. Unasafiri vibaya ukiwa peke yake."

*

Jumatatu kamati nzima ilikusanyika uwanja wa shabaha, pamoja na soda na sambusa. Kitabu kilisema kabla ya kupiga risasi uangushwe mpira wa chuma juu ya udongo kutoka urefu wa mtu, ili ulaini wake uthibitishwe. Mpira wa wizara ulikuwa umeazimwa na wizara ya michezo kwa mashindano ya kurusha tufe. Injinia akaomba jiwe. Akaambiwa jiwe halina barua. Bi Nyamvula akabonyeza bonge kwa dole gumba, kisha akajibonyeza ubavu, akaitikia kwa kichwa kuwa ni sawasawa.

Fulana ikafungwa mbele ya bonge. Askari mlenga shabaha akapiga. Risasi ikanasa kwenye fulana, haikupita. Kamati ikapiga makofi.

Injinia akaifungua fulana kutazama nyuma yake. Kwenye udongo palikuwa na shimo la kutosha kukalisha bakuli la uji. Akaingiza kidole, kikazama chote.

"Huyu amekufa," akasema.

"Nani?" Mheshimiwa Senzota akauliza, sambusa mkononi.

"Mtu aliye nyuma ya fulana."

"Huyo si mtu, ni udongo. Risasi imepita?"

"Haijapita, Mheshimiwa, lakini..."

"Basi fulana imefaulu. Andika, Katibu."

Bi Nyamvula akajikohoza pale pembeni. "Mheshimiwa mwanangu, humo ndani mna tabaka ngapi?"

"Za kutosha, mama."

"Nilipoibinya nilihisi foronya."

"Ni foronya ya kijeshi."

Injinia akasema basi angalau iloweshwe ipigwe tena, kwa sababu maji huzitelezesha nyuzi, zikaachiana, risasi ikapenya, na huko Ngwara mvua hainyamazi. Mheshimiwa akajibu kwamba mvua haijatangaza vita na nchi hii. Kuhusu shimo, akasema kasoro iko kwenye kidole cha Injinia, ambacho ni chembamba, kidole cha mtu wa vitabu. Kikatafutwa kidole cha kiwango cha taifa. Akaletwa boharia wa wizara, mwenye kidole kama mkono wa mchi. Kidole kikaingia chote, na pete yake.

Hapo Mheshimiwa akalizunguka bonge, akaupata ukweli.

"Wajumbe, tatizo ni udongo. Ni laini kupita kiasi. Mwananchi wetu hayuko hivi. Mwananchi wetu amekula muhogo mkavu, amesimama foleni, amesikiliza hotuba saa sita juani. Amekomaa. Udongo huu unamtukana. Mama, unaweza kuukomaza?"

"Udongo hukomazwa na moto, mwanangu."

"Basi uchomwe."

Injinia akanyoosha mkono kupinga. Akaambiwa aushushe kwa maandishi. Likapitishwa azimio kwamba kifua kichomwe na kiletwe siku ya Alhamisi, mbele ya Mkuu wa Nchi.

*

Jioni Zamda alipita kwa mama yake na fulana mpya kifuani. Alikuwa ameivaa tangu kambini, akaivua kwa sababu ya joto, akaivaa tena alipokaribia nyumbani ili mama aone.

"Mama, nitazame. Si nimependeza?"

"Umependeza kama mto wa sofa. Geuka. Mbona mgongo uko wazi?"

"Mgongo ni wizara nyingine."

"Zamda, nimeona leo fulana hii inafanya nini. Nimeona kidole kizima kikizama kwenye udongo. Usiende Jumamosi."

"Nisipokwenda ni utoro, Mama. Mtoro anafungwa." Zamda akakaa mkekani, sauti ikashuka. "Unafikiri sijui? Sisi wote tumezibinya. Sajenti Mtulia kaweka sahani ya bati ndani ya yake. Lakini nani atasema? Ukisema, unaulizwa umesomea wapi foronya."

Bi Nyamvula akafunua chungu. Alimpakulia ugali, akamtazama anavyokula. Anakula kwa haraka vilevile kama alipokuwa wa miaka saba.

*

Asubuhi akaanza kazi. Alisimamisha kifua kwa kamba nene za udongo, moja juu ya nyingine, kama afanyavyo mtungi: mabega, mbavu, tumbo dogo la heshima. Ndani akaacha uwazi. Katibu wa kamati akaja kukagua maendeleo, na daftari lake la kumbukumbu.

"Mama, mbona kitupu ndani?"

"Bonge zima halichomeki, baba. Lina maji tumboni, likikutana na moto linalipuka jokoni, linaua na majirani zake. Lazima liwe na uwazi. Andika hilo."

Katibu akaandika.

"Na uandike tena hivi: chombo kilichochomwa hakibonyei, ila kikipigwa huvunjika."

Katibu akaandika "chombo kilichochomwa hakibonyei", ukurasa ukaisha. Akatazama saa, ikawa saa ya chai. Akafunga daftari.

"Umemaliza yote?" Bi Nyamvula akauliza.

"Lile la maana nimelipata, mama."

"Basi vizuri. Nami nimesema mbele ya shahidi."

Kamati ilipokutana ikasomewa kwamba kifua hakibonyei. Wajumbe wakasimama kwa furaha, wakatia sahihi wote saba, na Mheshimiwa Senzota akatia mbili, moja ya cheo na moja ya mapenzi.

*

Alhamisi uwanja ulijaa. Bendi ilipiga. Kifua kilikuwa kimepakwa rangi ya kaki, kikachorewa vifungo na kalamu mfukoni, kikapewa jina Raia Mfano. Mkuu wa Nchi alipofika alikipa mkono, akakumbuka hakina, akakipigapiga begani. Kikalia vizuri, ngo, ngo.

"Huyu ni imara," akasema Mkuu.

"Ni zao la sera zako," akajibu Mheshimiwa Senzota, na akahutubia kwa muda ambao watu wawili walizirai na kuzinduka. Alisema kwamba mataifa mengine hupima fulana kwa udongo mbichi kwa sababu raia wao bado ni wabichi. Hapa petu raia ameshaiva.

Raia Mfano akavikwa fulana, na kamba zake zikafungwa kwenye mti uliosimamishwa nyuma yake. Askari akalenga, akapiga.

Risasi ilinasa kwenye fulana, kama mara ya kwanza. Halafu ukasikika mlio kama wa mwanamke aliyejikwaa gulioni na vyungu kichwani. Fulana ikabaki inaning'inia kwenye mti wake, imenywea, na chini yake rundo la vigae, kimoja kina kifungo na kingine kina kalamu.

Bendi ilikuwa imeagizwa kupiga baada ya mlio. Ikapiga.

Mkuu wa Nchi akainamia rundo. "Amekwenda wapi?"

"Fulana haikutoboka, Mheshimiwa Mkuu. Tundu hata moja hakuna."

"Fulana nimeiona. Namwulizia mwenyewe."

Wajumbe wakainama wakahesabu vigae. Mkuu akapanda gari, na vumbi la msafara wake likakaa juu ya Raia Mfano.

*

Kamati ikakaa palepale, kwa dharura. Wazo la kwanza lilikuwa kumfunga Bi Nyamvula. Injinia Ambakisye akaomba zisomwe kumbukumbu, zikasomwa, na ikaonekana kwamba kifua kitupu cha kuchomwa kiliidhinishwa kwa sahihi nane. Kumfunga mama huyo kungehitaji pingu nane. Wazo likaachwa.

"Mama," Mheshimiwa akasema kwa sauti ya uchovu, "wewe ni mtu wa kazi hii. Kilichofeli ni nini?"

Bi Nyamvula akaokota kigae, akakigeuza. "Mimi si mtu wa shule, mwanangu. Ila fulana nimeiona nzima. Kilichovunjika ni kifua."

Mheshimiwa akaketi wima. Rangi ikamrudia usoni. "Mmesikia, wajumbe? Fulana imefaulu. Kilichofeli ni kifua. Tatizo la nchi hii siku zote limekuwa vifua."

Likapita azimio jipya: hakuna askari atakayevaa fulana ya taifa mpaka kifua chake kikaguliwe na mtaalamu na kupigwa muhuri kuwa kinafaa. Na atakayepigwa muhuri atavaa, ataondoka Jumamosi, bila udhuru, awe nani awe nani. Maneno hayo ya mwisho Mheshimiwa aliyatia mwenyewe, maana aliwajua askari kwa visingizio. Mtaalamu wa vifua alikuwa mmoja tu nchini. Kabla jua halijatua Bi Nyamvula alikuwa Mkaguzi Mkuu wa Vifua, ana muhuri, ana meza, ana hata kijana wa kumwekea wino.

*

Ijumaa askari arobaini walipanga mstari kambini. Bi Nyamvula akawapitia mmoja mmoja, akiwagonga kifuani kwa kifundo cha kidole na kutega sikio, kama mtu anayenunua chungu.

"Wewe una mchumba?"

"Ndiyo, Bibi."

"Nimeusikia ufa. Hakifai. Mwingine."

Akamfikia Sajenti Mtulia. Kifua kikalia bati.

"Toa sahani yako, baba. Haya. Hiki kimekaa jikoni miaka mingi, kina masizi. Hakifai."

Zamda alipofika alikuwa amekaza macho mbele, kama hamjui. Mama yake akamgonga mara moja tu.

"Hakifai," akaandika, na majina akayaandika yote matatu, kwa herufi kubwa.

Kufikia saa nne, askari wote arobaini walikuwa hawafai. Mheshimiwa Senzota akaja mbio, jasho linamtoka, maana redio ilishatangaza safari ya Jumamosi.

"Mama, unanitia matatani. Haiwezekani nchi nzima isiwe na kifua hata kimoja."

"Nami nasikitika hivyohivyo. Sogea hapa, mwanangu."

"Mimi?"

"Nikusikilize tu."

Akamgonga. Akatega sikio. Akamgonga tena, akamwita kijana wa wino naye asikilize.

"Hiki," akasema taratibu. "Hiki ndicho. Kimeiva pande zote, hakina ufa, hakipenywi na huruma wala maji. Miaka arobaini nafinyanga, sijakutana nacho." Na kabla Mheshimiwa hajavuta pumzi, muhuri ukashuka kwenye karatasi: KINAFAA.

Kule nyuma askari mmoja akakohoa, wa pili akamsaidia, mara kambi nzima ina kikohozi.

Saa sita redio ikatangaza kwamba kifua cha taifa kimepatikana. Saa saba Mkuu wa Nchi akatuma salamu za pongezi, pamoja na gari la kumchukua Mheshimiwa alfajiri kumpeleka Ngwara, akiwa amevaa fulana ya shemeji yake.

Saa saba na nusu Mheshimiwa Senzota alikuwa mlangoni kwa Injinia Ambakisye, amekishika kile kitabu cha viwango kwa mikono miwili.

"Injinia, kupima kunatakiwa kufanywe kikamilifu. Nani alikuwa anazuia?"

Mchana ule kila kitu kilipatikana. Udongo mbichi ukaletwa, wa ulaini uleule wa nyama. Fulana zikachukuliwa kumi kutoka kila shehena badala ya moja iliyochaguliwa na shemeji. Nyingine zikaloweshwa, na Mheshimiwa mwenyewe ndiye aliyebeba ndoo. Kila risasi ilipopigwa alipiga magoti nyuma ya fulana, amevaa miwani, na rula mkononi, akipima shimo na kujishika mbavu. Zile kavu zilichimba udongo kupita kiasi. Zile mbichi risasi zilipita moja kwa moja, zikaendelea na shughuli zao.

"Hazifai," akasema Mheshimiwa. "Mtu angeweza kufa humu."

"Nani?" akauliza Injinia.

Safari ikaahirishwa usiku uleule kwa sababu za kiufundi. Shemeji akarudi kwenye foronya, na anasemekana anafanya vizuri. Mheshimiwa Senzota akatunukiwa nishani kwa kugundua kwamba fulana zinatakiwa kupimwa.

*

Fulana nyingine zilifika baada ya wiki saba, zenye mbele na nyuma, kwa kuwa wizara mbili zilipatanishwa kwa kupewa kila moja upande wake wa kutia nembo. Injinia alizipima kavu na mbichi, na Bi Nyamvula alikaa na udongo wake mpaka ya mwisho. Shimo lilikuwa dogo, la kutosha kijiko cha chai.

Siku ya kuondoka alikwenda kambini na kumkuta Zamda amenuna.

"Umeniaibisha, Mama. Jina langu liko ubaoni mpaka leo: kifua hakifai. Hata wapishi wananicheka."

"Hakifai. Nilikizaa, sikukifinyanga." Akamvuta karibu, akaipapasa fulana tabaka kwa tabaka, kwenye kifua, ubavuni, mgongoni. "Sikiliza. Hii inazuia bastola. Haizuii bunduki kubwa, haizuii kisu. Injinia kaniambia na nimemwuliza mara tatu. Ukiona bunduki kubwa, lala chini. Wakikuita mwoga, lala hivyohivyo, utawajibu ukirudi."

"Nitalala, Mama."

"Na ikishapigwa risasi mara moja, usiivae tena. Nyuzi zimeshachoka."

"Ndiyo, Mama."

Lori likaunguruma. Bi Nyamvula akaufungua mkanda wa ubavuni, ambao ulikuwa umefungwa vizuri kabisa, akaufunga upya.